Kengele ya Maji

Nyumbani kwa dada yangu asubuhi ilianza na cherehani. Dada alikanyaga mapema, kabla jua halijapanda ukuta wa uani, na mimi nilikaa chini kwenye mkeka nikimkatia vitambaa na kutoa nyuzi. Mtoto wake alikaa katikati yetu. Aliokota vipande vilivyoanguka, akamvika navyo mwanasesere wake wa kijiti, na muda wote huo alikuwa anaongea. Aliongea akiamka, akila, hata akiogeshwa na povu limemjaa mdomoni. Baba yake ndiye aliyempa jina la Chiriku.

"Chiriku, hebu tulia kidogo, masikio yetu nayo yanataka likizo."

"Baba, likizo ni ya shule. Masikio hayana shule."

Shemeji alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye alikuwa mlinzi wa shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa akipiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi la gari, limetundikwa kwenye nguzo na kupigwa kwa kipande cha nondo. Aliipenda kazi hiyo. "Mwalimu mkuu akichelewa, shule inaendelea," alikuwa akituambia. "Mimi nikichelewa, hakuna shule." Chiriku alikuwa darasa la kwanza, na aliwatambia wenzake kwamba baba yake ndiye anayeamua saa.

Majirani zangu, hao watu mnawajua. Mlikuja msibani, mkakaa mbali mbali na barakoa zenu, mkaondoka. Mlichosikia ni kwamba Korona imemuua mtoto wa mlinzi. Si kweli, na kwa kuwa kusema mbele ya watu siwezi, nimeandika. Someni hadi mwisho hata kama inauma.

Korona ilipoingia, shule zilifungwa. Shemeji alirudi nyumbani na ringi begani, jasho linamtoka.

"Nikiliacha kule, wauza vyuma chakavu watalibeba," alisema, akalitundika kando ya mlango wa jikoni.

Kwa siku za mwanzo lilining'inia tu. Yeye mwenyewe alizunguka uani kama mtu aliyepoteza kitu. Alipanga ndala mlangoni, akazipangua, akazipanga tena. Dada alikuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote, maana kila mtu alitaka barakoa, lakini mume wake alikuwa hana wa kumpigia kengele.

Ndipo jirani yetu wa ukuta mmoja alipomrushia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama huyu mtaani tunamwita Mama Taarifa, kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Sauti ya mwanamume ilisema kwamba kirusi hukaa kooni kwanza, na mtu akinywa kikombe cha maji ya moto kila baada ya muda mfupi, kirusi husukumwa tumboni na kufa. Aliyesema hakujitaja. Shemeji alisikiliza, akarudia, akatuita wote tusikilize.

Kuanzia siku hiyo kengele ilipata kazi.

Gong! Gong! Gong! Tulitoka kila mmoja na kikombe chake, tukapanga mstari mbele ya chupa ya chai. Shemeji alimimina, kisha akatazama koo zetu zikipanda na kushuka ili asidanganywe.

"Baba Chiriku, nimekunywa mpaka nasikia mawimbi tumboni," dada alilalamika.

"Heri mawimbi kuliko mashine ya kupumulia. Kunywa."

Sitaki mumcheke sana. Maji ya moto hayajamdhuru mtu, na mikono yetu haikuwahi kuwa safi kama wakati ule. Alikuwa mwanamume mwenye familia aliyeambiwa kwamba kifo kinatembea nje, akashika alichokuwa nacho mkononi. Alichokuwa nacho ni kengele.

Mwanzoni Chiriku hakuyapenda yale maji. Alikuwa anayabeba mashavuni hadi nyuma ya jiko na kuyatema kwenye majivu. Alikamatwa, akasemwa. Kisha, sijui ni wiki ipi, mambo yakageuka. Mtoto akawa wa kwanza mstarini. Akawa anamaliza kikombe chake na kuangalia cha kwangu.

"Mama mdogo, hayo unayamaliza?"

Nilimpa. Akayanywa bila kupumzika, akafuta mdomo kwa mkono, akaenda kwenye ndoo ya maji baridi akachota tena.

Shemeji alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. "Mnaona? Huyu ndiye mwanafunzi wangu bora. Igeni mfano!" Akampandisha cheo, akawa msaidizi wa kengele. Mtoto alikuwa anakaa chini ya lile ringi na nondo mapajani.

"Baba, tupige sasa?"

"Bado."

"Tupige kidogo tu."

"Kengele haipigwi kidogo, mama. Saa ni saa."

"Basi baba, leo saa inatembea polepole."

Tulicheka. Nawaomba mlishike hili, kwa sababu hapa ndipo msiba wetu ulipoanza. Mtoto yule hakuwa mtiifu. Alikuwa na kiu. Alikuwa na kiu isiyo ya kawaida, kiu ya ugonjwa, na sisi tukampigia makofi.

Halafu akaanza kukojoa kitandani. Alikuwa ameacha zamani sana. Sasa kila asubuhi godoro lilitoka nje kuanikwa, na majirani wakaliona.

"Jitu zima kama wewe!" dada alimwambia. "Utaolewa na nani, na godoro lako kichwani?"

"Mwache," shemeji akamtetea. "Ni maji ya kengele hayo. Yanasafisha, yanatoka."

Siku moja nilipokwenda kugeuza godoro nilikuta sisimizi. Walikuwa mstari mrefu kutoka ufa wa ukuta, wamepanda mpaka kwenye lile doa na kulizunguka. Nilimwita dada. Aliangalia, akakunja uso, akamwita mtoto.

"Umekula sukari kitandani?"

"Sijala, mama."

"Kwa hiyo hawa wamekuja kukusalimia?"

"Sijala! Haki ya Mungu sijala!"

"Usiniapie. Mwizi wa sukari anajulikana."

Kopo la sukari likafungiwa kwenye sanduku la vitambaa, na ufunguo dada akauvaa shingoni. Chiriku alilia hadi akashikwa na kwikwi, kisha akaenda kwenye ndoo, akanywa. Sukari hakuiba. Sukari ilikuwa ndani ya damu yake, imezidi, inamwagika na mkojo, na sisimizi waliijua kabla yetu. Ule mstari ulikuwa unatuonyesha ugonjwa kwa kidole, sisi tukamwonyesha mtoto kidole.

Gauni la Chiriku la kushindia, dada alilibana ubavuni. Baada ya muda akalibana tena. Yeye ni fundi, mkono wake unamjua mtu kwa kumshika kiuno tu. Nilimwona akiwa na pini mdomoni, amesimama, anaangalia kitambaa kilichobaki mkononi.

"Anarefuka," alisema. Hakuna aliyemuuliza.

"Dada, huyu mtoto hayuko sawa," nilimwambia. "Twende naye hospitali wamwangalie."

Shemeji alinisikia kutoka jikoni. Hakukasirika. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaongea kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Shemeji yangu, lile gonjwa makao yake ni wapi? Ni hospitali. Linalala kule, linaamka kule. Nyumba ikiwaka moto watu wanatoka, hawaingii."

"Hana homa, wala hakohoi," dada akaongeza, lakini alikuwa anaangalia pembeni. "Pengine ni minyoo."

Mama Taarifa hakungoja kukaribishwa. Sauti yake ilipita juu ya ukuta. "Msithubutu! Kuna kijana alipelekwa kushonwa kidole tu, kidole! Sasa hivi wanamwombea."

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Nimwone ili iweje? Nimetumiwa."

Tukakubaliana twende duka la dawa. Muuzaji alikuwa amefunga kamba mlangoni, mtu akisimama mbali na kupaza sauti. Akauliza yale aliyokuwa anamuuliza kila mtu siku zile. Ana homa? Hana. Anakohoa? Hakohoi. Anapumua vizuri? Vizuri. "Basi si Korona, mama, shukuru. Anayefuata!" Dada akabaki ameshika kamba, akasema mtoto amekonda. Muuzaji akasukuma dawa ya minyoo kwenye kijibao. Siku zile dunia nzima ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, na mtu asipokuwa na huo, alihesabiwa mzima.

Tulirudi nyumbani tumefurahi. Shemeji akapiga kengele.

Dawa haikusaidia kitu. Chiriku akaanza kulalamika tumbo, halafu akatapika, halafu akanyamaza. Hiki cha mwisho ndicho kilichotutisha. Nyumba ile haikuwa imewahi kunyamaza. Nilisikia cherehani, nikasikia maji yakichemka, nikasikia jogoo wa Mama Taarifa, na nikashangaa mtaa una sauti nyingi namna hiyo, kumbe mtoto wetu alikuwa anazifunika.

Asubuhi moja tukamkuta anahema. Alikuwa amelala chali, kifua kinapanda juu na kushuka, kwa nguvu na haraka, kama mtu aliyepanda mlima mkali, naye yuko kitandani. Pumzi yake ilikuwa inanuka matunda yaliyoiva mpaka yakaanza kuharibika. Dada alimfungua mdomo kuona kama amekula kitu. Hapakuwa na kitu. Ulimi ulikuwa mkavu.

Shemeji alisimama mlangoni, akakiangalia kile kifua. Rangi ilimtoka. Alikwenda akafunga lango na komeo, akarudi akasema kwa sauti ya chini, "Limeingia."

"Twende hospitali," dada alisema.

"Wakimwona anahema hivi watatunyang'anya. Wanakuja na yale mavazi meupe, uso wa mtu huuoni. Atalazwa peke yake, mama Chiriku. Peke yake! Huyu hawezi kulala bila kushika sikio lako. Atashika la nani kule?"

"Na tukikaa?"

"Tutamfukiza. Tutampa maji. Litashuka." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Akifia kule hatutapewa hata kumwosha. Nipe leo tu. Nakuomba, nipe leo tu."

Dada akampa ile siku. Nami ningetamani kuwaambia kwamba alidanganywa au alitishwa, lakini hapana. Alilia, akaangalia lango, akaangalia barakoa alizoshona zimerundikana kama kilima, akampa.

Tulichemsha maji na majani, tukamfunika mtoto blanketi, tukamwinamisha kwenye sufuria. Alitoka amelowa, kichwa kinalala upande. Mchana Mama Taarifa akapaza sauti.

"Mbona Chiriku simsikii leo?"

"Amelala," shemeji akajibu.

"Mchana wote huu?"

"Watoto hukua wakilala, mama."

"Haya. Mpeni maji ya moto akiamka."

Kesho yake asubuhi hakuamka vizuri. Ukimwita, jicho moja linafunguka nusu na kufumba. Shemeji akajaza kikombe, akakiinamisha mdomoni kwake. Maji yalitoka pembeni na kuingia shingoni. Akajaribu tena, yakatoka tena. Basi akasimama, akaenda kwenye ringi, akachukua nondo. Nadhani akili ilikuwa imemwambia kwamba mtoto huyu hajawahi kuisikia kengele akabaki amelala.

Gong. Akageuka kumtazama kupitia mlango. Gong. Gong.

Chiriku hakutikisika hata kope.

Dada alivuta kanga kwenye kamba, akambeba mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani, akaenda langoni.

"Fungua."

"Mama Chiriku..."

"Fungua, la sivyo napita juu ya ukuta naye."

Akafungua. Tulitoka mimi na dada tukiwa mbele, tunakimbia kila tulipoweza. Shemeji alikuja nyuma yetu, nondo bado iko mkononi, hajui kwamba ameishika.

Njia nzima nilijiandaa kwa yale niliyosikia. Nilitegemea wagonjwa wamelala sakafuni, watu wanalia, maiti wanapishana na wazima. Tukaonyeshwa mlango wa dharura ya watoto, tukaingia, na nikadhani tumekosea mlango. Chumba kilikuwa kimya. Vitanda vidogo vimepangwa mstari, shuka safi zimenyooshwa hazina mkunjo, na juu ya kila kimoja chupa ya maji ya dripu inasubiri mtu. Nesi alikuwa amekaa kwenye kiti anapanga pamba. Alipotuona aliruka.

"Mleteni! Mleteni hapa! Daktari!"

Daktari alikuwepo. Waliokuwepo ni daktari mwanamke, nesi na vitanda. Walikuwa wamevaa barakoa kama sisi. Hakuna aliyetunyang'anya mtoto. Dada aliambiwa akae karibu na kichwa chake, amshike.

Daktari aliinama, akanusa pumzi, na mara moja akaomba sindano. Akamtoboa Chiriku kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Kimashine hakikuonyesha namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kupima.

"Amekuwa akinywa maji sana siku za karibuni?" aliuliza huku mikono yake inatafuta mshipa.

Ni shemeji aliyejibu kutoka mlangoni.

"Ndiyo, daktari. Tena sana. Tulikuwa tunamhimiza." Akasogea hatua moja ndani. "Tulikuwa tunapiga kengele."

Daktari aliinua uso akamtazama, akaiona ile nondo. Hakuuliza ni kengele gani.

"Anakojoa kitandani? Amekonda?"

"Ndiyo."

"Ni kisukari," alisema. "Watoto nao wanakipata. Angeletwa kiu ilipoanza, ningempa dawa ya sindano, mngefundishwa kumchoma, na angerudi nyumbani anatembea. Sasa damu imechachuka, ndiyo maana anahema hivyo. Nitajitahidi."

Alijitahidi, hilo nitalisema popote. Hakukaa chini hata mara moja. Chiriku alilazwa kwenye wodi ya watoto, nayo ilikuwa tupu vilevile, mtoto mmoja tu mwingine upande wa pili, ameungua kwa uji na kupakwa dawa ya meno nyumbani mpaka kidonda kikaoza. Dada aliuchukua mkono wa binti yake, akauweka kwenye sikio lake mwenyewe. Vidole havikushika.

Alifariki siku iliyofuata alasiri. Kabla ya hapo walikuwa wamempima na ile Korona. Hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo. Sisi wote pale nyumbani nasi tulipimwa, hatukuwa nayo.

Dada aliruhusiwa kumwosha. Alipomaliza alimuuliza daktari jambo ambalo sikulitegemea.

"Watoto wengine wako wapi? Vitanda vyote hivi?"

Daktari alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndilo tunaloulizana kila siku, mama. Zamani hapa walilala wawili kitanda kimoja, tukigombana na ndugu watoke nje tupate pa kupita. Gonjwa lilipoingia, wakaacha kuletwa. Mwanzoni tulisema labda wamepona wote. Watoto hawaponi wote kwa pamoja. Wako majumbani, kama alivyokuwa huyu. Wa kichomi, wa degedege, waliomeza vitu. Wachache wanaoletwa, wanaletwa wamekwisha."

Shule zilipofunguliwa, shemeji alilirudisha ringi kwenye nguzo yake. Siku ya kwanza alipiga, watoto wakaja mbio na sare zao, wakapanga mstari, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba mlinzi wake aliutazama ule mstari mpaka mwisho, kisha akaweka nondo chini, akaenda langoni. Tangu hapo anapiga mtu mwingine. Nyumbani hanywi maji ya moto. Hata chai anaiacha ipoe.

Dada anavaa ufunguo wa sanduku hadi leo. Nilimwambia auvue. Akasema, "Nilimwita mwizi, na hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe."

Mama Taarifa alikuja kuhani. Alilia sana, kwa kweli alimpenda mtoto. Alipokuwa anatoka alimwambia mtu pale langoni, "Si mnaona? Kapelekwa hospitali, kafa." Simu ikalia mkononi mwake, naye akaanza kuwasambazia wengine habari hiyo.

MAFUNZO

Majirani zangu, gonjwa likiingia mjini, magonjwa mengine hayatoki kulipisha njia. Yanabaki ndani ya nyumba, na yanafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu hakuna anayeyaangalia. Mlango mlioufunga ili kuzuia moja, umefungia mangapi ndani pamoja na watoto wenu?

Mtoto mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa hovyo na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Msimsifu wala msimchape. Anayehema kwa nguvu, anayetapika bila kukoma, anayeitwa na haitiki, apelekwe hospitali hata kama barabarani kuna gonjwa. Vaeni barakoa, nawieni mikono, mwende. Na ujumbe wa simu usio na mwenyewe msiufanye daktari, maana siku ya msiba hamtajua mkamshike nani.

Baba yule alimpenda mtoto wake. Naliandika hili waziwazi ili asipatikane wa kusema kwamba msiba huu ni wa wazazi wabaya, wao hauwahusu. Woga wake ulitoka kwenye mapenzi, na uliua kama unavyoua uzembe. Aliogopa mtoto asilazwe peke yake katikati ya umati wa wagonjwa. Hapakuwa na umati. Kulikuwa na nesi mmoja anapanga pamba, na vitanda vyenye shuka safi, wiki baada ya wiki, vinawangoja watoto wetu.